Shule na Wasaa

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya huku kwetu Mwankoko, alisimama baba mmoja mwenye mtoto wa darasa la mtihani, akasema maneno yaliyopigiwa makofi kuliko yote ya siku ile: "Shule si mahali pa kucheza." Jambo lililoletwa mbele yetu lilikuwa kambi. Watoto wa darasa la mwisho walale shuleni tangu Juni mpaka mtihani wa Septemba, waamshwe saa kumi alfajiri, na kipindi cha michezo cha saa tisa kifutwe kwa kuwa, eti, kinakula muda. Mimi, mzee niliyekwisha vuka sabini, mwanafunzi wa zamani wa chuo cha ualimu cha Kinampanda na mwalimu mkuu kwa miaka mingi, niliinua mkono. Nilipewa dakika tatu. Hazikutosha, na ndiyo maana naandika.

Ndugu msomaji, yule baba aliapa kwa neno asilolijua asili yake. Neno shule si la Kibantu wala si la Kiarabu. Tulilipokea kwa Wajerumani, ambao kwao ni Schule. Wenzetu wa Zanzibar husema skuli, kwa sababu wao walilipata kwa Mwingereza. Mganda alitengeneza lake, essomero, na kule Lubumbashi mtoto huenda masomo, yote mawili yametokana na kusoma. Lakini shule na skuli ni ndugu wa tumbo moja, na ukoo wao ni mkubwa: Mfaransa ana école, Mhispania escuela, Mreno escola, Mwitalia scuola, hata watu wa Wales wana ysgol yao. Wote hao babu yao ni schola ya Kilatini, na Warumi nao waliiazima kwa Wagiriki, waliosema skholē.

Na skholē maana yake ya kwanza ni nini? Si darasa, si mwalimu, na wala si fimbo. Ni wasaa. Ni ule muda ambao mtu hakimbizwi na kazi, akaweza kukaa, kutazama, kuuliza na kubishana na mwenzake. Baadaye neno likahamia kwenye mazungumzo yenyewe ya watu wenye wasaa, kisha likahamia mahali walipokutania. Tena Mgiriki alipotaka kuitaja shughuli aliiita askholia, yaani kukosa wasaa. Kwake wasaa ndio uliokuwa na jina, na shughuli ni upungufu wake.

Warumi walizidi. Shule ya watoto wadogo waliiita ludus, neno lile lile walilolitumia kwa mchezo, na mwalimu wake akaitwa ludi magister, ambalo ukilichukua neno kwa neno ni bwana wa mchezo. Sisemi kwamba watoto wa Roma waliishi peponi. Walichapwa, tena sana. Lakini Quintilian, mwalimu wa karne ya kwanza aliyeandika kitabu kikubwa juu ya kumlea msemaji, alivikataa viboko na akataka watoto wapewe mapumziko. Hoja yake ilikuwa kwamba akili iliyopumzika hurudi kwenye masomo na nguvu zaidi, na kwamba mtoto aliyezubaa mchezoni usimtarajie awe mchangamfu darasani. Angesimama kwenye mkutano wetu angeitwa mzembe.

Basi wasaa huo ulipotelea wapi njiani? Sehemu ya jibu iko hapa hapa nchini. Shule ya serikali ya Wajerumani ilianza Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na haja yao haikuwa kumpa Mwafrika wasaa wa kufikiri. Walitaka makarani, maakida na walimu wa kuiendesha serikali yao. Neno lilipotua kwetu lilikuwa limekwisha kuvikwa sare. Na katika maneno machache ambayo Mjerumani ametuachia mpaka leo, la pili tunalolitumia kila siku ni hela, ile Heller, sarafu ndogo waliyoileta mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Shule na hela! Yaliingia katika enzi moja, na mpaka leo mzazi akilitamka la kwanza la pili huwa tayari mdomoni.

Najua nitakayojibiwa, maana nilijibiwa palepale. Mwalimu mmoja kijana, mwenye adabu na akili, aliniambia: "Mwalimu, neno ni kama mbuzi, akishanunuliwa harudi zizi la zamani." Ni kweli. Faragha nayo kwa Kiarabu ilikuwa kuwa mtupu, kutokuwa na shughuli, na kwetu imekuwa siri ya chumbani, hakuna anayelalamika. Asili ya neno si sheria. Simfanyi Mgiriki awe hakimu wa Mwankoko, hasa nikikumbuka kwamba wasaa wake ulibebwa mgongoni na watumwa. Nasema tu kwamba kabla ya kuapa kwa neno ni vyema ujue lilikuwa limebeba nini, huenda ulichokitupa ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Jibu la pili lilikuwa zito zaidi. Mama mmoja alisema: "Wasaa ni wa watoto wa matajiri. Wetu wasipokazana watabaki kwenye alizeti." Mama huyo sikumcheka, na sitamcheka. Lakini tumtazame binti wa hapa kwetu. Anaamka kuchota maji, anafagia, anambeba mdogo wake. Jioni kuna kuni na chungu. Msimu wa kuvuna uwele na alizeti usiseme. Katika siku yake nzima, mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kumtuma ni shuleni, na shuleni penyewe ni yale mapumziko ya saa nne na kile kipindi cha saa tisa. Mtoto wa tajiri ukimnyima mchezo shuleni ataupata kwao. Huyu wetu ukimnyima hana pengine pa kuupata.

Sasa niseme la kwangu, maana sistahili kuwanyooshea wengine kidole. Katika shule moja niliyoiongoza, mimi mwenyewe nilianzisha kambi. Tulitaka kuwapita jirani zetu katika matokeo. Nilifuta michezo, nikagonga kengele saa kumi alfajiri kwa mkono wangu. Palikuwa na mvulana aliyekuwa fundi wa kutengeneza magari ya waya, yanayokata kona kwa usukani wa kweli. Nikamkuta analo moja chini ya dawati wakati wa hesabu za ziada, nikalikanyaga mbele ya wenzake. Alifaulu, na shule ilisifiwa. Mimi nikapewa barua ya pongezi. Miaka mingi baadaye nilikutana naye sokoni Singida, mtu mzima, akipakia magunia. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," akaninunulia soda. Nikamwuliza siku hizi anasoma nini. Akacheka: "Mwalimu, tangu nilipomaliza sijafungua kitabu. Nikikiona tu, nasikia ile kengele."

Barua ile ya pongezi ningali nayo.

Mwalimu Nyerere alionya mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, juu ya shule inayoelekeza kila kitu kwenye mtihani. Tulilisoma andiko hilo chuoni, tukajibu maswali yake vizuri katika mtihani! Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa, nami nikashangilia peke yangu sebuleni. Kumbe mapema. Wazazi wanaipanga orodha wenyewe kwenye simu zao kabla ya jua kuzama, na shule inayocheza mpira ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Nisieleweke kwamba natetea uvivu. Mtoto asiyejua kusoma na kuhesabu ameibiwa, na mwalimu asiyeingia darasani ni mwizi. Lakini saa mbili za mtoto aliyelala usingizi na kucheza zinazidi saa tano za mtoto anayesinzia, na mwalimu yeyote aliyewahi kushika chaki saa kumi na moja jioni anajua hivyo, hata kama mkutanoni ananyamaza.

Tulipiga kura. Mikono iliyoungana na wangu ilikuwa minne, mmoja wa bibi yangu. Kila mzazi na mlezi alipangiwa debe moja la mahindi kwa ajili ya kambi, nami nina mjukuu darasani humo. Debe langu nimelipeleka, kwani watoto hawatashinda njaa kwa sababu ya ubishi wa mzee. Nimeweka na mpira mmoja juu ya mahindi. Mwalimu wa zamu aliupokea, akaugeuza mikononi, akaniuliza aandike nini kwenye daftari la michango. Nikamwambia aandike: vifaa vya shule.