Nani Alimwokoa Bosco?

Mtaje mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco mbele ya wapenzi wa muziki hapa Kolwezi, utaambiwa kwamba bila wazungu nyimbo zake zingepotea. Watu wenye akili zao husema hivyo kwa shukrani kabisa, na ushahidi wao ni CD zilizotolewa Ulaya na Marekani. Mimi sikubali.

Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana huyo wa Bunkeya mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya leo. Kazi njema ile, na tabia yake ya kuandika nani kapiga nini na wapi inatufaa mpaka sasa. Lakini santuri zile zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini kwa ajili ya soko, na soko lilizipokea. Wimbo wake “Masanga” ulivuka mipaka kwa redio na kwa vidole vya wapiga gitaa. Mwaka 1959 Bosco mwenyewe alikuwa Nairobi akitangaza dawa ya Aspro, na wapiga gitaa wa Kenya wakaiga mkono wake. Muziki unaoigwa nchi ya tatu umepotea vipi? Kilichoadimika ni santuri, kitu kinachovunjika kikianguka. Mkusanyaji wa Ulaya akikikosa kitu sokoni hudhani kimetoweka duniani, nasi tunaitikia.

Kosa la pili ni kuamini kwamba rekodi za mwanzo ndizo Bosco halisi, na yaliyofuata ni makapi. Upande mmoja wa santuri ya enzi hiyo ulibeba kama dakika tatu tu. Mwanamuziki aliyezoea kurefusha wimbo kadiri wasikilizaji walivyoupenda alilazimika kuukata ili uenee. Hicho kipande ndicho tunachoambiwa ni asili! Mtu huyu alikwenda Newport, Marekani, mwaka 1969, akazunguka Ulaya mwaka 1982, akaingia studio Cape Town mwaka 1988. Hiyo ni zaidi ya miaka thelathini ya kazi baada ya Jadotville, lakini wanaosifu rekodi za mwanzo huwasikii wakiitaja.

Rekodi za Cape Town nazo zilipata CD yao, iliyotolewa na Rounder ya Marekani mwaka 1994. Lakini wakati huo Bosco alikuwa tayari amefariki, katika ajali ya gari mwaka 1990.

Sisemi kutoa upya ni uovu. Tazama ng’ambo ya mpaka, Zambia, kwenye ukanda uleule wa shaba. Miaka ya 1970 bendi ya rock ya WITCH ilitoa albamu ambazo baadaye zilikuwa adimu mno, na wengi wa wanabendi wakafa. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda, “Jagari”, aliishia kuchimba vito. Lebo ya California, Now-Again, ilipozitoa upya, yeye alikuwa hai. Akarudi jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 bendi ikatoa albamu mpya, Zango. Hapo nakubali neno kuokoa, kwa kuwa aliyeokolewa ni mtu na kazi yake inaendelea. (Na bado ningependa kuiona mikataba.)

Kwa Bosco kuna wimbo uliosafishwa kelele, na kijitabu cha Kiingereza kinachoeleza Kiswahili chetu kwa watu wasiokijua. Sisi tunaojua utani uliomo ndani hatukuandikiwa. CD yenyewe ingetufikiaje? Kijana wa Manika au Dilala anahamishiwa nyimbo kwenye simu kwa kadi ya kumbukumbu, na atakayempa “Masanga” leo si duka la Ulaya.

Bunkeya iko hapahapa mkoani Lualaba, si mbali kiasi cha kushindikana kufikishiwa nyimbo hizo. Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, imewahi kupeleka nakala za rekodi zake Kenya kwa wanamuziki wenyewe na familia zao, ikishirikiana na mtayarishaji wa muziki wa huko, Tabu Osusa. Serikali ya mkoa wetu, inayotoza ushuru kila lori la shaba, iandike barua kuomba jambo hilohilo kwa Bunkeya na Likasi. Nayo SOCODA, shirika la haki za wasanii lililoanzishwa mwaka 2011, itangaze hadharani kila franka iliyokusanywa kwa jina la Bosco, Mwenda wa Bayeke, na nani aliipokea.