MAWINGU YA KAKAMEGA YASITUFANYE TUSOME GIZANI

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni, maana likizidi kukaa huko litanichoma.

Katika mkutano mmoja wa wazazi, lilizuka swala la taa. Sisi wa shule ya kutwa tukibaki jioni kudurusu, stima ikipotea tunafunga vitabu na kwenda zetu. Huko nyumbani wengine wetu wanangojewa na koroboi na moshi wake. Basi mwalimu mmoja akapendekeza sola. Kabla hajaketi, mzee mmoja akainuka, akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, sola ni ya Garissa na Turkana. Hapa Kakamega ni mvua tu. Mnataka kuanika pesa kwenye mawingu?" Watu wakacheka, makofi yakapigwa, na habari ya sola ikaishia hapo.

Kwa heshima zote, mzee wetu, mimi napinga. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ni dalili ya kukosa jua.

Kwanza tuangalie mahali tulipo. Ikweta inapita hapo kusini kwetu, Maseno, na sisi tuko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,500. Mvua ni kweli tunayo, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na msitu wetu ni shahidi. Lakini nani asiyejua tabia ya mvua ya huku? Asubuhi jua linawaka mpaka nguo zinakauka kabla ya saa sita. Alasiri ndipo mawingu yanapokusanyika, radi ikanguruma, tukakimbia na mabegi kichwani. Yaani mvua yetu ina saa zake, na jua letu pia lina saa zake. Mwenye akili hutega jua la asubuhi.

Pili, tupige hesabu badala ya kupiga makofi. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa chini ya jua kali la wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, paneli ikiwa na joto la digrii 25. Jua kali namna hiyo haliwaki kutwa nzima. Kwa hiyo wataalamu hukusanya jua lote la siku, kali na hafifu, wakalihesabu kama saa za jua kamili. Hapa Kenya hesabu hiyo huwa baina ya saa 4 na 6 kwa siku. Sisi tuchukue 4 tu, tusije tukaambiwa tunajipendelea.

Paneli ya wati 200 mara saa 4 ni 800. Tuondoe kama thuluthi moja inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri. Zinabaki kama 530. Sasa madarasa mawili, kila moja na taa 6 za wati 10, kwa saa 3 za jioni, yanataka 360 tu. Imetosha, na baki ipo! Betri ikiwa ya kubeba taa za siku mbili, hata mvua ikinyesha kutwa nzima mwezi wa Aprili, hatutalala gizani.

Na joto lenyewe, jamani, ni adui wa paneli. Kila digrii moja ikizidi 25, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 0.4. Garissa wana jua zaidi yetu, sikatai, na ndiyo maana kituo kikubwa cha megawati 50 kilifunguliwa kule mwaka wa 2019. Lakini baridi yetu nayo ina faida yake, na mvua hutuoshea vumbi bure. Tena tazameni Ujerumani, nchi ya theluji. Jua lao ni haba kuliko letu, na bado wao ni miongoni mwa mataifa yanayoongoza duniani kwa sola. Je, wao wameanika pesa kwenye theluji?

Mtaniuliza, mbona basi sola nyingi za huku hazifanyi kazi? Hapo mmenena. Hata kwetu ilikuwako moja. Taa zilikuwa zinazima saa mbili usiku, nyanya akaiita kioo cha bure. Siku moja nilipanda juu ya mabati nikaona ajabu. Fundi aliiweka upande wa magharibi, na kuanzia asubuhi mpaka saa nne kivuli cha mparachichi kilikuwa kinafunika pembe moja. Mimi nilidhani pembe moja si kitu. Kumbe vipande vya paneli hufuatana kama watu waliopanga mstari kisimani. Wa mbele akikwama, wote wamekwama. Tuliihamisha, tukaielekeza mashariki na kuiinamisha kidogo ili maji yateremke. Siku hizi nyanya anasikiliza redio yake mpaka taarifa ya habari ya saa tatu, na mimi namaliza hesabu zangu. Jua halikubadilika. Ni sisi tuliobadilika.

Kwa hivyo kosa mara nyingi si la mawingu. Ni la fundi wa kubahatisha na mnunuzi asiyeuliza. Kanuni za nchi hii zinataka fundi wa sola awe na leseni, na leo leseni hiyo hutolewa na EPRA. Mwambie akuonyeshe kabla hajapanda ngazi. Si matusi, ni haki yako.

Sitaki kudanganya mtu. Sola ndogo haichemshi chai ya walimu wala haipigi pasi. Pasi ya wati 1,000 itamaliza zile 530 zetu kwa nusu saa hivi. Betri nazo huzeeka, lazima tuweke akiba ya kununua nyingine. Tena sisemi tukate stima, maana usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipobaki gizani, wenye sola waliendelea na shughuli zao kama kawaida.

Ombi langu ni hili. Tusianze na shule nzima. Tuanze na madarasa mawili ya Kidato cha Nne. Klabu ya Sayansi ipime kivuli cha paa letu toka asubuhi hadi jioni kwa muhula mmoja, iandike kila siku. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko hapa hapa mjini. Tuwaombe wataalamu wao watukague kazi. Kisha tuwarudishie wazazi majibu yakiwa na tarakimu. Mzee wetu akiona hesabu na bado akacheka, nami nitacheka pamoja naye.

Haba na haba hujaza kibaba, na jua la asubuhi hujaza betri. Mtihani hautatuuliza kama stima ilipotea.

Kalamu yangu naitua hapa.