Wasichana wa vijijini nao wafunzwe kuunda programu

Dalali anayefika shambani kununua kabichi huwa anajua bei ya Nairobi, mkulima hajui. Mwaka wa 2010 wanawake watatu Wakenya, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, waliunda M-Farm, iliyompa mkulima bei za soko kwa ujumbe mfupi wa simu.

Mwaka huo huo Judith Owigar na wenzake walianzisha AkiraChix jijini Nairobi, kuwafunza wasichana kutoka familia maskini kuandika programu. Mafunzo kama hayo yasiishie mjini. Serikali za kaunti, ambazo ndizo husimamia vyuo vya ufundi vijijini, zipeleke huko kompyuta na walimu. Nawe mzazi unayeuza ndama kumlipia mvulana karo ya kompyuta, usimsahau binti: ndiye anayekwenda sokoni na kuona jinsi mnavyopunjwa.