Mwenye njaa hana miiko?

Mwishoni mwa mwaka 1997, mvua za El Nino zilipoufurisha Mto Tana hata vijiji vikageuka visiwa, nilikuwa kijana mwandishi wa habari, nikapanda mashua pamoja na wagawaji wa chakula cha msaada. Shirika lenyewe sitalitaja. Tulipofika, watu walikuwa wamejikusanya juu ya kilima kidogo, wakapewa unga, mafuta na mikebe ya nyama. Mzee mmoja akaugeuzageuza mkebe wake, akautazama juu na chini, kisha akaniuliza mimi niliyevaa kofia: "Mwanangu, hii ni nyama gani?" Nikausoma mkebe wote, nisione jina la mnyama wala habari ya kuchinjwa kwake. Kabla sijafungua kinywa, mgawaji mmoja akacheka akamjibu: "Mzee, mwenye njaa hana miiko."

Yule mzee hakusema neno. Aliuweka mkebe chini polepole, kama mtu anayerejesha amana, akauchukua unga wake akaenda zake.

Jibu lile halijanitoka hadi leo, na limenirudia kwa nguvu majuzi nilipokuwa nikisoma habari za Mayahudi wa New York na namna wanavyowalisha maskini wao. Najua wapo watakaokunja uso kusikia nawasifu Mayahudi, hasa baada ya damu iliyomwagika Gaza tangu Oktoba 2023. Damu hiyo yaniuma kama inavyowauma wao. Walakini leo sizungumzii dola wala majeshi. Nazungumzia sufuria ya mchuzi na sahani ya maskini, na katika mlango huo Qurani yenyewe imetuhalalishia chakula cha watu wa Kitabu. Basi si vibaya tukatazama jinsi wanavyokipakua.

La kwanza ni kwamba wapo Mayahudi maskini. Usicheke, msomaji wangu, kwani hata Wamarekani wengi walikuwa hawaamini. Mwaka 1971 bibi mmoja, Ann Wolfe, aliandika ripoti juu ya Mayahudi maskini wasioonekana na watu, na mwaka uliofuata jijini New York likaundwa baraza la kuwashughulikia, lijulikanalo kwa ufupi kama Met Council. Walikuwamo wazee waliobaki peke yao, walionusurika na mauaji ya Hitler, na wenye watoto wengi na mishahara midogo. Baadaye wakaongezeka wahamiaji kutoka nchi za Urusi ya zamani. Nasi tuliosoma chuoni twajua kuwa Qurani imewataja maskini wa namna hii, ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba.

La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maskini huyu wa Kiyahudi hali kila kitu. Chakula chake ni kile wakiitacho kosheri, yaani kinachofaa kwa sheria ya Taurati, na sheria hiyo ina masharti mengi kuliko yetu. Nguruwe ni haramu kwao kama kwetu. Ngamia naye ni haramu, kwa sababu hucheua lakini kwato zake hazikupasuka ipasavyo. Samaki sharti awe na mapezi na magamba, kwa hiyo pweza, ngisi, kamba na kaa hawaliwi. (Mtu wa Lamu angehama mji.) Nyama haichanganywi na maziwa, wala chungu cha nyama hakipikiwi maziwa, hata biriani yetu hii ya nyama na mtindi kwao ni haramu mara moja. Mnyama huchinjwa na mchinjaji aliyefunzwa, mapafu yake yakaguliwe, na nyama irowekwe na kutiwa chumvi mpaka damu itoke. Na jikoni huwekwa msimamizi wa kuangalia haya yote.

Yote hayo yana gharama. Nyama ya kosheri ni ghali kuliko nyama nyingine huko Marekani, na siku za Pasaka mambo huzidi, maana kwa siku nane wao hawali mkate uliochachuka wala nafaka iliyopata chachu, bali mkate maalumu usio na hamira. Mtu wa hesabu anaweza kusema: kwa nini msinunue maharage ya kawaida mkalisha watu maradufu? Wao hawakuikubali hesabu hiyo. Tangu zamani wana desturi ya kuchanga fedha za ngano ya Pasaka kwa ajili ya maskini, ili asiye na kitu naye ale sikukuu kama sheria inavyomtaka, asilazimike kuchagua kati ya tumbo na dini yake.

Hapo ndipo ninapogombana na ile methali. Ni kweli kwamba sheria yetu imempa mwenye kufikwa na dharura ruhusa ya kula mzoga, na Mayahudi nao husema kuokoa roho hutangulia takriban kila katazo. Lakini ruhusa ile amepewa nani? Amepewa mwenye njaa, baina yake na Mola wake, wakati hana kingine. Hakupewa mgawaji aliyekaa kwenye mashua na shehena yake. Anayeweza kuuliza "hawa wanakula nini?" naye asiulize, kisha akamsomea mwenzake methali, huyo hana dharura yoyote ya kujitetea nayo.

Mwaka 2005, mtaa wa Borough Park huko Brooklyn, Alexander Rapaport na Mordechai Mandelbaum walifungua mahali pa kulisha watu chakula cha kosheri bure, wakapaita Masbia. Ni neno la Kiebrania lililotoka katika Zaburi, maana yake mwenye kushibisha. Litamke polepole utaona kuwa ni jamaa wa neno letu "shiba", lililotujia kwa njia ya Kiarabu, kama vile sadaka yetu ilivyo jamaa wa ile "tsedaka" yao. Pale palitengenezwa kama mkahawa, mtu alipoketi mezani aliletewa sahani yake, na kati ya meza na meza pakawekwa vikingio ili mlaji asitazamwe. Mlangoni hakuna anayekuhoji dini yako wala mshahara wako.

Vikingio vile vimenipendeza kuliko chakula chenyewe. Wapo pia Mayahudi wenye desturi ya kujaza makasha ya chakula cha Sabato na kuyapeleka usiku wa Alhamisi, wakayaacha mlangoni na kuondoka, hata mwenye nyumba asijue ni nani aliyekuja. Jambo hili lina mizizi mirefu. Musa bin Maimun, yule tabibu aliyezaliwa Kordoba akafa Misri mwaka 1204 baada ya kutumikia jumba la utawala wa Salahuddin, aliipanga sadaka katika daraja nane. Ya chini kabisa ni ya anayetoa huku amekunja uso. Ya juu ni kumkopesha mtu, au kushirikiana naye, au kumpa kazi, mpaka asihitaji kuomba tena. Na inayofuatia hiyo ya juu ni pale mtoaji asipomjua mpokeaji, na mpokeaji asimjue mtoaji.

Sisi tumefunzwa kuwa miongoni mwa watakaopata kivuli siku isiyo na kivuli ni yule aliyetoa kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Maneno haya twayasikia mimbarini kila Ramadhani, na kila Ramadhani gari linakuja na mchele, tende, bango la mfadhili na mpiga picha wawili. Nimewaona kina mama wa mtaani kwetu, watu wazima wenye heshima zao, wakivuta buibui kufunika uso huku mkono mmoja umeshika gunia, na kijana akiwaambia, "Mama, tazama huku." Chakula hicho ni halali tupu, lakini mama yule amekinunua, tena kwa bei ghali.

Met Council siku hizi wanagawa na chakula cha halali kwa Waislamu wa New York. Waliojua taabu ya miiko yao hawakuona uzito kuuliza miiko ya jirani.

Mwaka jana nilikwenda kwa kamati ya futari ya mtaa wetu, nikawaomba mambo mawili: vifurushi vipelekwe majumbani baada ya Isha, na kamera ibaki nyumbani. Katibu alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Sasa maalim, mfadhili ataamini vipi kwamba chakula kimefika?" Nikamwambia apige picha ya magunia. Akaandika kwenye daftari lake, na mpaka leo nangojea jibu.