Rahisi Ghali, na Ghali Je?

Methali tunazo nyingi, lakini sidhani kama ipo inayotutoa fedha mfukoni haraka kama hii ya "rahisi ghali". Muuza viatu huisema, muuza mabati huisema, na mwaka juzi niliisikia mara nne katika wiki moja, kwa watu wanne tofauti, kwa sababu ya kitu kimoja tu: mashine ya kuoshea vyombo. Nataka kuipinga. Sisemi kwamba methali ni ya uongo. Nasema imegeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia mtu yeyote anayetaka kuhesabu kwanza kabla ya kutoa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mke wangu ana baridi yabisi ya vidole. Asubuhi hawezi kukunja ngumi, na kusugua sufuria kulikuwa kumemshinda muda mrefu kabla hajakubali kusema. Binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani alikwenda kusomea ushonaji, jambo ambalo sisi wenyewe tulilitaka, tukabaki wazee wawili na sinki. Tunakaa pembezoni mwa Dar es Salaam, na siku ya Jumapili watoto na wajukuu wakija tunakuwa watu kumi na mmoja au kumi na wawili. Akiba kidogo ya kiinua mgongo ilikuwapo. Tukaamua kununua mashine, na dukani tukakuta mbili za kufikiria: ya daraja la kati, kwa shilingi milioni 2 na ushei, na ya daraja la juu, kwa milioni 6 kasoro kidogo.

Hapo ndipo methali ilipoanza kumiminika. Muuzaji aliisema, na yeye simlaumu, ndiyo kazi yake. Shemeji yangu aliisema akiwa amekaa kwenye kochi langu akinywa chai ambayo kikombe chake hakukiosha. Mwanangu anayeishi Ujerumani aliisema kwa simu, "Baba, usinunue mara mbili." Na jirani yetu, mtu mwema kabisa, aliisema akiwa amesimama jikoni kwake mbele ya mashine yake ya bei ya juu, ambayo ndani yake alikuwa ameweka mikate. Nitarudi kwenye hiyo mikate.

Tuanze na kazi ya mashine yenyewe. Mwaka 1886 mwanamke mmoja wa Shelbyville, Illinois, aitwaye Josephine Cochrane, alipata hataza ya mashine ya kuoshea vyombo, na mwaka 1893 ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia huko Chicago. Wazo lake lilikuwa kuvipanga vyombo katika vichanja vya waya na kuvipiga kwa maji ya moto yenye sabuni. Zaidi ya miaka 130 imepita, na wazo ni lile lile. Fungua mashine ya leo, ya bei yoyote, utakuta pampu ya kusukuma maji, mikono inayozunguka na kuyarusha, hita ya kuyapasha moto hadi nyuzi 50, 60 au 70, na kichujio cha kuzuia mabaki ya chakula. Ongeza sabuni yenye vimeng'enya vya kuvunja wanga na protini. Vitu hivyo vitano ndivyo vinavyoosha sahani, na mashine ya daraja la kati inavyo vyote. Yenye upana wa sentimita 60 hubeba vyombo vya watu 13 au 14 kwa kipimo cha Ulaya, na katika mzunguko wake wa kubana matumizi hutumia kama lita 10 za maji na umeme usiozidi yuniti moja.

Basi zile karibu milioni 4 za ziada zinanunua nini? Nilimwuliza muuzaji, akanijibu kwa ufasaha. Kwanza, kimya. Ya daraja la juu hutoa sauti ya desibeli 40 hivi, ya kati 46. Sikatai kwamba tofauti ipo. Lakini kwangu dirisha la jikoni linatazama barabara ya bodaboda, na jenereta la kioski cha jirani huanza kunguruma umeme ukikatika. Desibeli 6 za kwangu zitasikika wapi? Pili, kichanja cha tatu cha juu, kwa ajili ya uma na visu. Msomaji, sisi tunakula kwa mkono. Vijiko vya chai tunavyo sita, na viwili vimepotea. Tatu, mashine hujiunga na simu na kukuarifu kwamba imemaliza. Jikoni ni hatua tisa kutoka ninapokaa.

Nne, na hapa sitaki kumdhulumu, alisema uimara. Hili ni jambo la kweli. Bawaba zake zilikuwa nzito, vichanja vilitereza kama droo ya benki, na wapo watengenezaji, kama Miele wa Ujerumani, wanaotangaza kwamba hujaribu mashine zao kwa kazi inayolingana na miaka 20 ya matumizi. Siwabishii. Swali langu ni dogo: miaka 20 hiyo ni kwa maji gani, na kwa umeme gani?

Maana huku kwetu mashine haifi kwa uzee. Huuawa. Wengi katika mtaa wetu tunatumia maji ya kisima. Visima vya pwani mara nyingi huwa na chumvi na madini ya chokaa. Chokaa huganda kwenye hita na kuziba vitundu vya mikono ya kurushia maji. Ndiyo maana mashine nzuri huwa na chombo cha kulainishia maji, kinachotaka chumvi yake maalumu ya chenga kubwa, wala si hii ya mezani tunayotilia mchuzi. Lakini chombo hicho huondoa chokaa tu. Chumvi ya kisima haiondoi, na chumvi hiyo hutoboa vijishimo hata kwenye chuma kisichoshika kutu, na chuma hakijui kilinunuliwa kwa bei gani.

Halafu kuna msukumo wa maji. Mashine nyingi hutaka msukumo usiopungua baa 0.5 au karibu na hapo. Kila mita 10 za kimo hutoa kama baa 1, kwa hiyo tanki langu lililokuwa juu ya mnara wa mita 3 lilikuwa linatoa baa 0.3. Mashine ya milioni 6 ingesimama pale ikilia kwamba haipati maji, sawasawa na ya milioni 2. Na kuna umeme, unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kinachoungua wakati huo si bawaba nzito wala kichanja kinachotereza. Ni bodi ya umeme, na kadiri mashine inavyokuwa na ujanja mwingi ndivyo bodi hiyo inavyokuwa na mambo mengi na bei kubwa.

Sasa turudi kwenye mikate. Mashine ya jirani ilifanya kazi kwa miezi kumi na minne. Siku moja umeme ulikatika na kurudi mara tatu, na bodi ikafa. Fundi aliijua mashine ile kwa picha tu. Bodi iliagizwa nje, na nilipokwenda kuiona ilikuwa mwezi wa tano anasubiri. Umoja wa Ulaya una kanuni, zilizoanza kutumika Machi 2021, zinazowalazimisha watengenezaji wa mashine hizi kuweka vipuri kwa miaka 7, na vingine kwa miaka 10, baada ya kuacha kuuza aina fulani. Kanuni nzuri sana. Inamlinda mwanangu kule Ujerumani, na inamlinda hata akinunua ya bei ya kati. Haivuki bahari kuja kumtafutia jirani yangu bodi. Pamoja na hayo yote, jirani alinitazama machoni na kuniambia, "Mzee mwenzangu, rahisi ghali." Akafungua mashine, akatoa mkate.

Na hata tukijaalia kwamba maji ni matamu na umeme ni mtulivu, tutazame vyombo vyenyewe. Sufuria zetu ni za alumini. Sabuni kali ya mashine huifanya alumini iwe nyeusi na kufifia, kwa hiyo sufuria haiingii. Mwiko wa mti na kinu haviingii, maana hupasuka. Chungu hakiingii, kinanyonya sabuni. Mbuzi ya kukunia nazi haiingii kwa sababu unazozijua. Kikaango cha chuma kitapata kutu. Sinia la wali la Jumapili likiingia linazuia mkono wa kurushia maji usizunguke. Zinabaki sahani, bakuli, vikombe, bilauri na vijiko: mzigo mkubwa, naam, na msaada mkubwa kwa mtu mwenye vidole vinavyouma. Lakini ukoko wa wali na masizi ya mkaa vitabaki sinkini, ulipe milioni 2 au ulipe milioni 20. Hilo hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyenieleza, na sababu naijua. Hakuna hata mmoja kati yao anayeosha sufuria.

Wala mimi nilikuwa siioshi. Niseme ukweli huo, maana bila ya huo maneno yangu yote ni porojo. Kwa miaka 34 ya ndoa nilikula na kuondoka mezani. Nilikuwa tayari kubishana juma zima kuhusu desibeli na baa, na sikuwa nimemwuliza mwenye mikono anataka nini.

Siku ya kununua alikuja dukani na sinia na bakuli kubwa la mchuzi, amevifunga ndani ya khanga. Muuzaji alicheka, kisha akaacha kucheka. Mama Rehema alivijaribisha vyombo vyake katika mashine zote mbili, akavuta vichanja, akainua kile cha juu na kukishusha, akainama na kutoa kichujio kwa vidole vyake vile vile. Katika ile ya bei ya juu lilikuwapo jambo moja lililomfaa hasa: mlango hufunguka kwa kuugonga mara mbili, bila ya kuvuta. Nilimwona anaugonga na kutabasamu, nikaanza kuzihesabu upya zile milioni. Yeye akasema, "Baba Rehema, mlango utanifungulia wewe."

Tukachukua ya kati. Ile ya chini kabisa, isiyo na chombo cha kulainishia maji, sikuigusa, na hapo nakiri methali ina haki yake. Fedha iliyosalia ilikwenda mahali ambapo mashine huuawa: pampu ndogo ya kuongeza msukumo, kichujio cha maji ya kuingia nyumbani, stabilaiza ya umeme, na magunia mawili ya chumvi ile ya chenga. Maji ya mashine tunatumia ya bomba la mtaa yanapotoka, na ya kisima pale tu inapobidi. Hata baada ya hayo yote, milioni 1 na nusu ilibaki. Tulimnunulia cherehani yule binti.

Hapo shemeji alikasirika kweli. Ati tumenunua mashine ya mkato ili kugawa fedha ovyo. Nikamjibu jambo ambalo tangu siku ile sijamsikia akilijibu. Binti yule alisugua sufuria zetu kwa miaka sita. Tulimlipa kama wanavyolipwa wenzake, yaani kidogo. Katika miaka yote sita hakuna ndugu, jirani wala rafiki aliyewahi kukaa kwenye kochi langu na kuniambia kwamba mshahara ule ni rahisi, na rahisi ni ghali. Methali ilikuwa imelala. Iliamka siku tuliyotaka kununua chuma.

Sisemi kila mtu anunue kama mimi. Mwenye maji laini, umeme wa kutegemewa, wakala mwenye vipuri mjini, na mtoto mchanga analala chumba cha pili kutoka jikoni, anunue ya daraja la juu na aifurahie. Kwake kila shilingi itafanya kazi. Lakini asije akamwambia mwenzake wa mtaa wa visima kwamba tofauti kati yao ni busara.

Mashine yetu inakaribia miaka miwili sasa. Imesimama mara moja, kwa kichujio kilichojaa punje za wali, na nilikisafisha mwenyewe kwa mswaki wa zamani. Kila usiku mlango naufungua mimi. Sufuria naziosha mimi pia, kwa majivu na limau, na Mama Rehema hunisahihisha kutoka kwenye kiti chake, kwamba kitako cha sufuria hakijatakata, nirudie.