Njaa ya Ukambani hugusa hata akili

Ukame unapoingia Kitui na Makueni, sisi wa mijini hupata hesabu haraka: mifugo iliyokufa, mashamba yaliyokauka, magunia ya msaada yaliyofika Mutomo au Kibwezi. Hesabu ambayo ni nadra kutajwa ni ya watoto waliokosa lishe wakati ubongo wao ulipokuwa ukijengwa.

Wengi huamini kwamba mtoto mchanga hajui lolote, na kwa hivyo chochote cha kujaza tumbo kinamtosha. Sivyo. Mtoto huzaliwa akiitambua sauti ya mamake. Afikapo miezi 18 hadi 24, wengi wao hujitambua kwenye kioo. Fahamu hiyo hukua pamoja na ubongo, ambao wakati wa kuzaliwa huwa na karibu robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na kufikia miaka miwili huwa karibu robo tatu. Kazi hiyo yahitaji protini, mafuta, madini ya chuma na ayodini. Yahitaji pia mtu wa kuzungumza na mtoto na kumchezesha.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa karibu watoto 46 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano Kitui walikuwa wamedumaa. Kiwango cha taifa kilikuwa 26. Utapiamlo uo huo unaozuia mtoto kurefuka waweza pia kuchelewesha ubongo wake.

Hii si kusema kwamba aliyedumaa amepotea. Katika Embu jirani, kati ya 1998 na 2000, watafiti waliwapa wanafunzi wa shule za msingi githeri, wengine ikiwa na nyama, wengine pamoja na maziwa, wengine ikiongezwa mafuta. Waliopewa nyama ndio walioendelea zaidi katika majaribio ya kufikiri. Hata hivyo, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tangu 2013 kaunti ndizo zinazosimamia zahanati na shule za chekechea. Ni rahisi kujivunia madarasa, kwa maana jengo huonekana. Lakini mtoto huingia chekechea akiwa na miaka minne hivi, na wakati huo sehemu kubwa ya ubongo wake imekwisha kukua. Kwa maoni yangu, fedha zianze kwa mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka miwili: uji wenye virutubishi, vidonge vya madini ya chuma, na mhudumu wa afya wa kuwafikia nyumbani.

Nawe msomaji unayetuma pesa Mwingi au Wote, usiulize tu kama mahindi yapo. Uliza kama mama mjamzito amepata ndengu, kunde, yai au maziwa, na kama mtoto ananyonya vizuri. Mvua ikirudi, shamba hupandwa upya. Miaka miwili ya kwanza ya mtoto hairudi.