Mke wako si shahidi, ni mnunuzi

Juzi nimekwaruzana na baba mdogo. Hatukupigana wala kutukanana, tulinyamaziana tu mezani mpaka chai ikapoa. Chanzo ni kiwanja.

Mimi na mchumba wangu tumepata kiwanja huko Chanika, mita 20 kwa 20, mahali ambapo daladala inakushusha halafu safari iliyobaki unamalizia kwa bodaboda. Yeye ni mwalimu wa sekondari, mimi ni huyu mwandishi wenu wa habari ambaye mshahara wake unajulikana. Bei ni milioni sita. Kila mmoja katoa milioni tatu, na za kwake amezikopa kwenye SACCOS ya walimu wenzake. Nilipomwambia baba mdogo kwamba hati ya mauziano itakuwa na majina mawili, aliweka kikombe chini akasema: "Mwanangu, mwanamke ni mpita njia. Andika jina lako. Yeye asaini kama shahidi."

Kama shahidi! Jamani, mtu katoa milioni tatu zake, atakatwa marejesho kila mwezi, halafu kazi yake iwe kushuhudia mwenzake akinunua?

Nimeamua kuliandika hili kwa sababu baba mdogo si mtu mbaya, na hayuko peke yake. Kazi yangu imenipitisha kwenye ofisi nyingi za serikali za mitaa, na hati za namna hiyo nimeziona nyingi. Juu, penye neno "mnunuzi", kuna jina la bwana. Chini kabisa, kwenye orodha ya mashahidi, utalikuta jina la bibi. Miaka inapita, nyumba inasimama, na siku mambo yakiharibika karatasi inasema kwamba yule mama alikuwepo tu siku hiyo, kama jirani aliyeitwa kutoka ng'ambo ya barabara.

Wanaume wengi watanijibu: "Lakini nyumba nimejenga mimi." Haya, tupige hesabu pamoja.

Chukua mume na mke ambao kila mmoja anatoa shilingi 300,000 kwa mwezi kwa ajili ya familia. Kwa mpango wa nyumba zetu nyingi, baba "anajenga" na mama "anaangalia nyumba". Laki tatu za baba zinanunua saruji, nondo na mabati. Laki tatu za mama zinanunua unga, mafuta, gesi, luku, sare za shule na dawa za mtoto. Baada ya miaka sita kila mmoja ametoa shilingi milioni 21 na laki sita. Za baba zimesimama, zina madirisha na milango, na risiti zake ziko kwenye bahasha. Za mama zimeliwa. Nani ana risiti ya mchicha wa mwaka juzi?

Sasa niambie, kama mama asingelisha watu wale kwa miaka sita, baba angepata wapi saruji? Hela ya ugali nayo imejenga. Tofauti ni kwamba ugali hauandikwi jina.

Hapo ndipo penye kosa, na linaanza mapema sana kabla ya talaka. Linaanza siku ile mnapogawana nani alipie kitakachobaki na nani alipie kitakachoisha. Wengi tunagawana bila hata kukaa chini na kuzungumza.

Wapo watakaosema sheria imeshamlinda mwanamke, kwa hiyo karatasi haina haja. Ni kweli sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na kinataja mchango wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa, na mawakili wanautaja mpaka leo.

Lakini mnajua Bi Hawa mwenyewe aliondoka na nini? Hakuna. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwishampa fedha na yeye akazitapanya. Alishinda hoja, akakosa nyumba.

Tena sheria hiyo hiyo ya 1971, kifungu cha 60, inasema mali ikiandikwa jina la mwanandoa mmoja itachukuliwa kuwa ni yake peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ikiandikwa majina ya wote wawili itachukuliwa kuwa wana haki sawa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 imejitahidi zaidi. Kifungu chake cha 161 kinamtambua hata mwanandoa ambaye hakuandikwa, kama ameiendeleza ardhi au nyumba kwa jasho lake. Vizuri sana. Ila hayo yote ni ya kuthibitisha mahakamani, na kuthibitisha kunataka nauli, wakili, mashahidi na miaka. Jina la pili kwenye karatasi linataka wino tu.

Halafu kuna hili la benki. Ukitaka kuweka nyumba ya ndoa rehani upate mkopo, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wako, na benki yenye akili haitatoa hela bila hiyo ridhaa. Kwa hiyo mama anaitwa, anavaa vizuri, anasaini. Sahihi yake ina uzito wa kuruhusu nyumba ipigwe mnada mkishindwa kulipa, lakini mnasema haina uzito wa kuimiliki? Mimi hapo mniwie radhi, sielewi.

Nije sasa kwenye hofu ya baba mdogo: "Ukimwandika leo, kesho atakufukuza." Baba, kwa heshima zote, anayefukuzwa kwenye nyumba hizi tunamjua. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi juu ya wajane wawili wa Shinyanga. Waume zao walifariki, ndugu wa waume wakachukua mali, na mahakama za hapa nyumbani zikashindwa kuwasaidia. Kamati iliona kwamba Tanzania imekiuka haki zao. Chimbuko lake ni kanuni za mila zilizoandikwa kwenye amri ya mwaka 1963, zinazosema mjane hana sehemu ya urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake.

Ndugu wa ukoo. Yaani wewe, baba mdogo. Najua huwezi kumtoa mke wangu nje na watoto. Lakini siku hiyo hutakuwa peke yako kwenye kikao. Watakuwepo ambao sijawahi hata kuwaona, na wao ndio watakaouliza: "Hati ina jina la nani?" Nataka jibu liwepo kabla swali halijaulizwa.

Na akina dada msipige makofi sana. Wapo kati yenu wenye kiwanja cha siri Kibaha au Bagamoyo, kimeandikwa jina la mama mzazi. Nawaelewa, mmeona yaliyowapata shangazi zenu. Lakini huyu akificha kwa kuwa anaogopa na yule akificha kwa kuwa ameshtuka, mwisho mnakuwa wapangaji wawili wenye watoto.

Sisi tumekubaliana hivi. Kwanza, kuna akaunti moja ya pamoja, na ndani yake zinatoka hela za saruji na hela za mchicha bila ubaguzi. Pili, kila mtu anachanga kulingana na kipato. Akipata mmoja 900,000 na mwingine 600,000, wanachanga kwa uwiano wa tatu kwa mbili, maana ukilazimisha nusu kwa nusu yule mwenye kidogo habaki hata na nauli. Hata hivyo umiliki unabaki sawa, kwa sababu wote wawili wametoa kwa kadiri ya uwezo wao. Tatu, deni lake la SACCOS sasa ni letu, linalipwa kutoka akaunti hiyo hiyo.

Nne ni umiliki wenyewe. Sheria ya Ardhi ina njia mbili. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki sehemu yake inakwenda moja kwa moja kwa aliyebaki. Katika umiliki kwa hisa, sehemu ya marehemu inaingia kwenye mirathi yake. Mwenye watoto wa nje ya ndoa hii, au mwenye wake wawili, afikirie hisa na aandike kabisa nani ana kiasi gani, ili asiwaachie watoto vita. Sisi hatuna mzigo huo. Tukifika kwenye hati miliki tutaomba umiliki wa pamoja. Nikitangulia mimi, nyumba ni yake. Akitangulia yeye, ni yangu.

Nilimwambia mchumba wangu haya yote kwa fahari kidogo, kama mtu anayetoa zawadi. Akaniangalia, akasema: "Hukunipa kitu. Nimenunua." Nikanyamaza. Nilikuwa nimejiona mkombozi, kumbe nilikuwa naandika tu ukweli ulivyo.

Tunasaini Jumamosi. Penye "mnunuzi" patakuwa na majina mawili. Nafasi ya shahidi iko wazi. Baba mdogo, tunakuomba uje uijaze wewe.